Asi Mbili Nilizozinyamazia

Niliziona. Nilikuwa na asi mbili mkononi, niliziona vizuri, na nilijua zina thamani gani. Kwa muda wa mwaka mzima nimewaambia watu kwamba siku ile sikuwa na miwani usoni, kwamba nilidhani nimeshika asi moja na nne, kwa kuwa ile herufi A na ile tarakimu 4 zinafanana mbele ya macho ya mwanamke aliyevuka hamsini. Watu walicheka, wakaniamini. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Hakuna mtu shuleni kwetu ambaye hajawahi kunisaidia kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwangu. Uongo ule ulikuwa mzuri kwa sababu ulinifanya mjinga, na anayejitangaza mjinga mbele ya watu haulizwi swali la pili.

Tuko sita katika likelemba yetu. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa sehemu yake, zote zinatiwa ndani ya bahasha moja, na bahasha inachukuliwa na mtu mmoja. Mwezi unaofuata anachukua mwingine, hivyo hivyo mpaka wote sita wamekula, kisha tunaanza upya. Likasi nzima, mji wetu huu wa madini kusini mwa Kongo, inaishi hivyo, sokoni, makanisani, katika ofisi ambazo mshahara huja kama mgeni asiyepiga hodi. Ugumu uko mahali pamoja tu: nani anakula kwanza? Vikundi vingine hupiga kura. Vingine humwachia mama mkubwa wa kikundi apange, halafu wanamsema vibaya hadi Krismasi. Sisi tunacheza karata.

Hatuchezi pesa, tunacheza zamu. Tofauti hiyo niliitunga mwenyewe, kwa nguvu zote za miaka mitano ya chuo kikuu, niwe tayari siku mchungaji wangu atakaponiuliza. Hajaniuliza. Mnunuzi wa madini aliye katika kikundi chetu hupenda kusema kwamba polisi wakitukuta watatupeleka Buluo sote sita, na kule gerezani tutaanza likelemba ya sabuni.

Mchezo wenyewe ni poka, ule usio na mpaka. Kila mtu anagawiwa karata mbili ambazo anaziona peke yake. Baadaye zinafunuliwa tatu katikati ya meza, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na hizo tano ni za wote. Kati ya hatua hizo watu wanaweka dau, na wakati wowote mtu anaweza kusukuma mbele kila alicho nacho, kitu ambacho sisi tunaita kuweka tapi. Alichonacho ni mahindi. Kila mmoja anaanza na kikombe kimoja cha punje. Anayebaki wa mwisho mezani anakula bahasha ya kwanza, na anayeishiwa mahindi wa kwanza anakula ya sita.

Aliyetufundisha ni mwenye nyumba, fundi mstaafu wa umeme, ambaye alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Koni karibu maisha yake yote na akajifunza poka huko kwa mainjinia waliokuja na kuondoka. Anaishi Panda, katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi, mtaa uleule nilikozaliwa, na Jumapili baada ya ibada tunakaa sebuleni kwake karibu na dirisha, kwa kuwa umeme huwa haupo. Hatumtanii tena juu ya hilo. Mtu aliyelisha miji umeme anawasha redio kwa betri, na tumeshamaliza vichekesho vyote vinavyoweza kutoka hapo.

Kuhusu karata zenye nguvu, mzee ana fundisho moja tu, na amelirudia hadi limetuchosha. Ukipewa asi mbili, au wafalme wawili, sema mapema. Pandisha dau papo hapo, kabla karata yoyote haijafunuliwa, ili wenye takataka mkononi waziweke chini na kwenda kunywa chai. Usipofanya hivyo wanaingia wote kwa bei ya chini, na katika watu wanne wenye takataka daima yuko mmoja ambaye meza itamhurumia. Mimi nilikuwa namsikiliza kama ninavyosikiliza mahubiri juu ya zaka. Niliona kupandisha mapema ni ushamba. Mtu mwenye akili, nilidhani, anashika asi zake mbili, anafuata dau dogo kwa uso wa mtu anayefikiria bei ya unga, na anangoja mwenye haraka ajilete mwenyewe.

Sasa nimlete mwanamke ambaye hadithi hii ni yake.

Alifundisha biolojia katika shule ileile ninayofundisha mimi. Alinizidi miaka minne. Babu zetu walichukuliwa kutoka Kasai kuja huku kwa kazi za mgodi, baba zetu walifanya zamu moja, na nyumba zetu kambini zilitenganishwa na ukuta ambao ulipitisha kila neno. Namwita yaya, yaani dada mkubwa, yeye ananiita mudogo, hata mbele ya wanafunzi, hata siku nilipopata digrii. Ni mwanamke wa kanisa la uamsho, wa kufunga na kukesha, lakini karata alizicheza bila kujitetea kwa mtu. Alisema Mungu anajua kutofautisha mahindi na dhambi.

Mwezi mmoja kabla ya Jumapili ile alinifungia mlango wa maabara, akachukua mkono wangu akauweka chini ya titi lake la kushoto. Kulikuwa na kitu kama kokwa ya embe changa, kigumu, hakisogei. Daktari alikuwa amemwambia aende Lubumbashi akatwe, mwezi huu au ujao, asivuke huo. Gharama yake ilikuwa karibu sawasawa na bahasha yetu. Nilimwambia awaeleze wenzetu, watamwachia zamu ya kwanza bila hata kugawa karata. Alikataa. Mmoja wetu, fundi cherehani, alisali kanisa moja naye, na habari ikifika huko, alisema, watu kumi watamwekea mikono kila jioni na mchungaji atatangaza kwamba amepona. Na mtu aliyetangazwa amepona hawezi tena kwenda kukatwa, itakuwa ni kumwita mchungaji mwongo. Alinieleza hayo kwa utulivu, kama anavyoeleza mzunguko wa damu. Akaniapisha nisiseme kwa mtu. Niliapa.

Kwa hiyo siku ile ya karata, katika watu sita waliokaa mezani, wawili walijua nini kilikuwa kikichezwa. Mmoja alikuwa yeye. Mwingine ni mimi.

Ilikuwa mapema, hakuna aliyekuwa ametoka bado. Fundi wa umeme aligawa. Niliinua pembe za karata zangu, nikaona asi ya kopa na asi ya jembe. Nilivua miwani, nikaifuta kwa kitenge, nikaiweka juu ya nywele. Zamu ya kusema ilinianzia mimi. Sikupandisha. Nilifuata dau dogo tu, punje mbili, na nikatazama dirishani.

Nataka nieleweke, ingawa sistahili. Sikumtegea yaya. Nilimtegea mnunuzi wa madini. Yeye hupandisha karibu kila mkono, kwa kelele, anapiga meza kwa pete, na mpango wangu ulikuwa apandishe, kisha nimrudie kwa kikombe kizima. Nilikuwa nimeupanga mkono huo wiki nzima, nikingoja tu karata zije. Nilifikiri hata juu ya sentensi nitakayomwambia. Lakini siku hiyo mkewe fundi wa umeme alikuwa ametuletea mandazi, na mnunuzi wa madini alikuwa na mdomo uliojaa. Akafuata tu, punje mbili, akaendelea kutafuna. Fundi cherehani akafuata. Karani wa commune, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ambaye ndiye wa sita wetu, akatupa karata zake. Mzee akafuata huku akinitazama kwa jicho moja. Na yaya alikuwa amekaa mahali pa kuweka dau la lazima, punje zake mbili zilikuwa tayari mezani; hakudaiwa kitu. Aligonga meza kidogo kwa kidole, akaingia bure.

Alikuwa na nane na tano. Nane na tano, mbele ya dau kubwa, hata mtoto anazitupa.

Karata tatu zilifunuliwa: nane, tano, mbili.

Nilimwona uso. Kwa miaka yote tuliyocheza hakuwahi kujua kuficha uso. Aliyafundisha macho ya watoto jinsi ya kutazama kwenye hadubini, lakini yake mwenyewe hayakumtii. Aliweka mikono yote miwili nyuma ya kilima chake cha mahindi, akakisukuma taratibu, kama mtu anayesogeza kitoto kilicholala. Alisema tapi kwa sauti ndogo. Zamu ilikuwa yangu, lakini mnunuzi wa madini hakungoja, akatupa, fundi cherehani akatupa, mzee akatupa. Nilibaki mimi, na nilikuwa na punje zaidi kidogo kuliko zake.

Ningeweza kutupa. Hakuna ambaye angejua. Ningezirudisha asi zangu kifudifudi na zingefia ndani ya karata nyingine. Naweza kusema nilifikiri hivyo na nikashindwa na tamaa, lakini hata hilo lingekuwa kujipamba. Sikumfikiria. Nilichofikiria ni kwamba mtego wangu umenasa mtu asiye wangu, na kwamba asi mbili ni asi mbili. Nikasema nafuata.

Tulifunua. Alipoziona asi zangu, kwanza alipigwa na butwaa, halafu akahesabu kama mwalimu na akatabasamu, kwa sababu jozi zake mbili zilikuwa zimeipita jozi yangu moja. Mnunuzi wa madini alicheka hadi makombo yakamruka. Ndipo, kwa aibu ya kuonekana nimetega halafu nimeshindwa, nilipoutoa ule uongo. Niliishusha miwani kutoka kichwani nikasema, jamani, nilidhani hii ni nne. Ulinitoka vizuri, bila kukwama, kabla hata karata ya nne haijafunuliwa. Sikuwa nimeshinda bado. Nilidanganya kwa ajili ya ubatili mtupu, na baadaye tu uongo huo ukapata kazi kubwa zaidi.

Karata ya nne ilikuwa mfalme, haikumsaidia mtu. Ya tano ilikuwa mbili. Kwa kuwa mezani sasa ilikuwapo jozi ya mbili, nami nikawa na jozi mbili, na jozi yenye asi inaua jozi yenye nane. Karata ndogo kuliko zote ndiyo iliyofanya kazi ile. Mzee alitazama meza, akaanza kukusanya karata bila kutoa fundisho, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Yaya alikunja kitambaa chake, akamsaidia mama mwenye nyumba kuondoa vikombe, akaketi kando hadi mwisho akitutazama tukicheza. Alikuwa na zamu ya sita. Mimi nilishinda wote. Karata, kama watu wengine ninaowafahamu, hupenda kumfuata mtu siku anapokuwa hastahili.

Kuna kanuni moja katika kikundi chetu. Zamu zinaweza kubadilishwa, lakini kabla ya bahasha ya kwanza kutolewa, na wote wawili wanaobadilishana wawe wamekaa hapo na waseme kwa midomo yao. Baada ya hapo hakuna kubadilisha. Tuliiweka kwa sababu ya ugomvi wa zamani ambao hauna haja ya kuelezwa. Kati ya mchezo na bahasha kulikuwa na wiki mbili.

Wiki mbili hizo tulionana kila siku chumba cha walimu. Nilikuwa nimeamua kumpa. Naliandika hili nikijua linavyosikika, lakini ni kweli: jioni ya Jumapili ileile, kabla sijavua viatu, nilikuwa nimeamua. Sikumwambia. Nilitaka aniombe kwanza, hata kwa nusu neno. Nilikuwa tayari kumkata katikati na kusema, yaya, chukua. Hakuomba. Basi nikapanga kufanya jambo hilo siku ya bahasha yenyewe, mbele ya wote, dakika ya mwisho, wakati ambapo zawadi yangu ingeonekana kubwa kuliko kama ningeitoa Jumatatu asubuhi karibu na ubao wa ratiba. Nilitunga na sentensi. Mtu aliyeponea chupuchupu kwa kunyamazia karata nzuri alitoka hapo akaenda kunyamazia nyingine.

Siku ya bahasha hakuja. Alituma mchango wake kwa fundi cherehani, pamoja na salamu kwamba ameingia maombi ya siku ishirini na moja na anatuombea wote. Nilimwuliza mzee kama naweza kubadilisha kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Alisema kanuni ni kanuni, kisha akasema nikitaka kumpa mtu pesa zangu, nyumba yake anaijua kila mtu, haiko mbali. Nilitia bahasha kwenye mkoba. Kutoka kwa mzee hadi kwa yaya ni nyumba kumi na mbili.

Sikwenda. Nilijiambia kwamba mtu akiwa kwenye maombi hasumbuliwi. Nilijiambia kwamba amechagua njia yake. Baada ya siku ishirini na moja nilijiambia kwamba sasa itaonekana kama nimechelewa, na kuchelewa kunataka maelezo. Bahasha ilikaa ndani ya kamusi yangu kubwa, na kamusi ikawa haifungi vizuri. Mwezi wa pili nilinunua friza.

Ni friza nyeupe, ndefu, ya kufunguliwa juu. Nilikuwa nimeitamani miaka mingi. Nilisema nitauza maji baridi na samaki. Mtaani kwetu umeme unakuja kama jamaa wa mbali, kwenye misiba na bila kusema atakaa muda gani. Sasa friza inatunza unga, mitihani ya mwaka jana, na viatu vya mvua. Mara ya kwanza nilipokwenda kumtembelea yaya nyumbani kwake nilipeleka machungwa. Alikuwa amekonda shingo. Akaniuliza kama friza imefika. Nikasema imefika. Akauliza kama inagandisha. Nikamwambia ukweli kuhusu unga na mitihani, akacheka sana, akashika ubavu wake wa kushoto, akaacha kucheka.

Alipokea bahasha ya sita mikononi mwa mzee, akaihesabu mbele yetu kama inavyotakiwa, akaondoka kesho yake kwenda Lubumbashi. Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Aliniambia watampima kwanza, kisha watasema kama uvimbe bado unakatika. Atanipigia.

Ilichukua siku tisa. Siku hizo nilifundisha, nilisahihisha, nilikula. Wenzangu chumba cha walimu walinitania juu ya miwani, maana ulikuwa umeshakuwa utani wa shule nzima, mwalimu asiyejua asi na nne, na niliucheka pamoja nao. Usiku nililala vizuri kuliko ninavyopenda kukiri.

Alipiga Alhamisi, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya choo cha walimu ambako mtandao unashika. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayetoa matokeo ya mtihani. Madaktari wamekaa, wamezungumza, hawatakata. Imeshaingia kwenye ini. Wamempa dawa za maumivu na barua ya kumpa daktari wa huku. Atarudi Jumamosi.

Mimi ni mtu ninayelipwa kwa ajili ya maneno. Nikasema kile nilichokuwa nacho.

“Yaya, ile siku niliziona. Sikudhani ni nne. Nilijua ni asi mbili.”

Nyuma yake nilisikia magurudumu ya kitu kikisukumwa kwenye ujia.

“Minye najua,” alisema. “Kila mara weye iko na karata ya nguvu, unatosha lineti ya macho na kupanguza. Miaka yote. Bote tunajua, mudogo, hata ule mununuzi. Ile siku uliitosha.”

“Sasa ju ya nini uliweka tapi?”

“Ju nilikuwa nimekupita. Nane na tano, zote mbili mezani. Nilisema hata kama iko na asi mbili, nimemupita.” Alikohoa, akangoja. “Haikuwa kosa ya karata. Ungepandisha tu pale mwanzo. Ningetupa, ningebakia na mahindi yangu.”

Nilisema najua. Nilitaka kuendelea, nifike kwenye bahasha na kamusi na zile nyumba kumi na mbili, na nadhani alisikia nikivuta pumzi, kwa sababu alinikata.

“Ile ingine tuache. Maombi ya kule nilitoka siku ya tatu, nilikuwa nimechoka, nikamalizia kwa nyumba. Nilikuwa pale tu.” Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya matokeo, “Kwako courant iko?”

Nikasema umeme haupo tangu jana.

“Ikirudi, tosha ile mitihani ndani ya friza, unigandishie maji. Hii dawa inakausha kinywa. Munganga wa hapa hospitali anasema ninyonye barafu.”

Nikamwambia nitagandisha.

“Jumamosi,” alisema, na salio lake likaisha.